Mtoto Wangu Ajifunze Mchezo Gani wa Kujikinga?

Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama na kwa viongozi wa vijiji na kambi

  

Leo tunajibu barua mbili. Ya kwanza imetoka kwa mama aliyehama pamoja na watoto watano. Binti yake ana miaka 15, naye ndiye anayekwenda kutafuta kuni. Katika kambi yao kijana mmoja ametangaza kwamba atafundisha karate kwa juma tatu tu, na kila mzazi atoe kuku wawili. Baba wa mtoto anakataa, anasema msichana anayepigana hataolewa. Mama anauliza: ni mchezo gani ulio bora, judo au karate, na je, kuku wawili ni bei ya haki?

Barua ya pili imetoka kwa mzee wa kijiji. Vijana wake wamemwomba kiwanja ili wafanye mazoezi ya kupigana kila jioni, wapate kulinda watu. Mzee anaogopa kuwakatalia, na anaogopa pia kuwakubalia. Anasema, ‘Nimeona kundi moja likianza na mazoezi na kumalizika na bunduki.’

Tutaanza na mama, lakini mzee asiondoke karibu na redio, maana maneno yake yatarudi.

Mama, kabla ya kuuliza mchezo gani, uliza kwanza hatari gani. Sisi sote tunatumia neno moja, ‘adui’, lakini maadui hawafanani. Kuna mlevi anayemshika msichana mkono kwenye bomba la maji. Kuna mwizi wa njiani anayetaka simu na pesa. Kuna mtu wa nyumbani au jirani, ambaye kila mtu anamwamini, na huyu ndiye tunayemsahau, ingawa mara nyingi sana anayemtesa msichana ni mtu anayejulikana naye. Na kuna mtu mwenye bunduki au panga.

Kwa huyu wa mwisho nitasema wazi: hakuna judo, hakuna karate, hakuna mchezo wowote wa mikono mitupu unaoshinda risasi. Mwalimu anayesema kwamba atamfundisha mtoto wako kunyang’anya bunduki anamfundisha kufa. Na hapa kwetu lazima tuongeze neno juu ya dawa. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa Tanganyika waliambiwa kwamba maji ya mganga yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vile vya Maji Maji vilikwisha mwaka 1907, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa ni makumi ya maelfu au zaidi. Mwaka 1964 Wasimba hapa Kongo walikwenda mbele wakiwa na imani ya namna ile ile. Tangu hapo tumeona vijana wengine wengi wakinyunyiziwa maji. Basi mazoezi ya mwili yakichanganywa na dawa ya kuzuia risasi, mtoe mtoto wako siku hiyo hiyo. Mbele ya bunduki mtu hutoa simu, hutoa pesa, hutoa mbuzi, na akipata nafasi hukimbia.

Lakini kwa mlevi, kwa mwizi asiye na silaha, na kwa jirani mwenye tabia mbaya, mafundisho yanaweza kusaidia. Tuyatazame sasa moja moja.

Judo ilianzishwa mwaka 1882 mjini Tokyo na mwalimu wa shule aliyeitwa Jigoro Kano. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa mdogo wa mwili na wenzake walimwonea, ndiyo sababu alitafuta mafundisho ya zamani ya kupigana. Baadaye akayatoa yale yanayovunja na kuua, akabakiza yale ambayo watu wawili wanaweza kuyafanya kwa nguvu zao zote bila kuumizana. Katika judo hupigi ngumi wala teke. Unashika nguo ya mwenzako, unamkosesha usawa, unamwangusha, unambana chini. Faida yake kubwa ni hii: kila siku ya mazoezi unashindana na mtu ambaye kweli hataki kuanguka. Kwa hiyo mwili unajifunza ukweli. Mtoto aliyeshikwa na kusukumwa mara elfu na rafiki hatagandishwa na woga siku atakaposhikwa na mtu mbaya.

Tena judo inafundisha kuanguka, na hilo naliona kuwa zawadi hata kwa yule ambaye hatapigana maisha yake yote. Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, mgongo uwe wa mviringo, mkono upige ardhi. Mzee anayeteleza na bidoni mgongoni anahitaji jambo hilo kuliko mwanamichezo.

Shida ya judo ni uwanja. Ukimwangusha mtoto juu ya mawe ya volkano, umemvunja. Lazima pawepo kitu laini. Mahali pasipo tatami watu huondoa mawe yote, hutandika pumba za mpunga au takataka za mbao zilizo kavu, tena nyingi, halafu hufunika kwa shitingi na kuikaza pembeni. Kimono si lazima mwanzoni, koti gumu la kuukuu linatosha. Pasipo uwanja laini, mwalimu mwenye akili hataangusha mtu, atafundisha kushikana na kukaa imara tu.

Labda unasema, judo ni mambo ya Wajapani na ya watu wa Kinshasa wenye viwanja. Basi sikiliza habari za watoto wawili wa Bukavu. Popole Misenga alizaliwa huko mwaka 1992. Akiwa mtoto mdogo vita vilimtenga na familia yake, akakimbilia porini na kukaa siku nane kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa. Yolande Bukasa Mabika, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1987, naye alitengwa na wazazi wake akiwa mtoto. Wote wawili walijifunza judo Kinshasa, wakiwa miongoni mwa watoto waliohamishwa na vita. Mwaka 2013 walikwenda Brazil kwa mashindano ya dunia, wakabaki huko na kuomba ukimbizi. Mwaka 2016 waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki, mjini Rio de Janeiro, wakiwa kati ya wanamichezo 10. Yolande alishindwa katika pambano lake la kwanza. Popole alimshinda mchezaji wa India, halafu akashindwa na Mkorea aliyekuwa bingwa wa dunia. Medali hawakuipata. Lakini Popole alieleza mara nyingi kwamba judo ilimpa utulivu na utaratibu wakati alipokuwa hana mama wala nyumba, na mimi naona hilo ni zaidi ya kujikinga.

Karate ilitoka kisiwa cha Okinawa. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule naye, aliileta Tokyo mwaka 1922. Alifundisha kwamba mwenye karate si yeye anayeanza kushambulia. Ni ngumi, mateke, kuzuia, na kata, yaani mfululizo wa mafungu ya mapigo ambayo mwanafunzi anayarudia peke yake. Karate inahitaji nafasi ndogo na haina gharama, ndiyo maana imeenea katika miji yetu. Inafundisha kupima umbali kati yako na mtu mwingine, na hilo ni jambo kubwa, kwa maana msichana anayejua kutosogelewa ameshajikinga nusu. Lakini angalia vizuri. Kuna vikundi ambavyo mwaka mzima wanafunzi hupiga hewa tu. Hewa hairudishi. Mtoto anapata mkaba wa rangi, anapata kiburi, na siku anaposhikwa shingo hajui la kufanya. Ukitaka karate, tafuta mwalimu anayewaweka wanafunzi wawili wawili na kuwafanya wajaribiane kwa adabu.

Taekwondo ya Wakorea, ambayo imo katika Olimpiki yenye medali tangu mwaka 2000, inapenda mateke ya juu. Ni mchezo mzuri kwa vijana wenye miguu miepesi. Kwa mama aliyefunga kikwembe, juu ya matope, teke la juu ni njia ya kuanguka. Ningempa msichana suruali chini ya kikwembe chake kabla ya kumpa teke lolote.

Ngumi, ambayo wengine huiita bokse, Wakongo wote wanaijua. Tarehe 30 Oktoba 1974, kabla ya mapambazuko, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alipigana na George Foreman, aliyekuwa na nguvu kumpita na alikuwa hajashindwa na mtu. Ali aliegemea kamba, akajifunika, akamwacha mwenzake apige mpaka achoke, na raundi ya 8 akamwangusha. Wazee hupenda kusimulia ule mpigo wa mwisho. Mimi napenda zile raundi saba za kungoja. Ngumi inafundisha kupigwa bila kuchanganyikiwa, na ndani ya miezi michache mtu amejifunza vitu vya kweli. Ubaya wake ni kichwa. Ubongo wa mtoto haupendi kutikiswa. Kwa watoto ningekubali mazoezi ya kupiga gunia na kamba ya kuruka, lakini kupigana ngumi za kichwani, hapana.

Miereka ya kijijini, ile tuliyocheza wakati wa kuchunga mbuzi, tusiidharau. Ina mambo mengi ya judo na haidai fedha. Na kuna jiu-jitsu ya Brazil, ambayo ilizaliwa baada ya Mjapani Mitsuyo Maeda kufika Brazil mwaka 1914 na kufundisha huko. Inafundisha jinsi ya kujitoa ukiwa umelaliwa na mtu mzito. Kwa msichana hilo ni fundisho la maana sana. Ila katika njia zetu washambulizi mara nyingi huwa wawili au watatu, kwa hiyo kulala chini kwa kupenda mwenyewe ni hatari. Ujifunze kuinuka, si kubaki pale.

Sasa mama, nikijibu swali lako kwa neno moja, nitasema hivi: mwalimu ana uzito kuliko jina la mchezo. Mahali ulipo huna judo tatu na karate nne za kuchagua kama vitenge sokoni. Una kijana mmoja na kiwanja kimoja. Kwa hiyo mchunguze kijana huyo.

Nenda ukae pembeni siku mbili ukitazama. Mwalimu mwema hakatazi wazazi kutazama. Akikuambia kwamba mafundisho ni ya siri, ondoka na binti yako. Tazama kama wanafunzi wanafanya mazoezi na mtu anayepinga kweli, au kama wote wanajiangusha kwa kumpendeza bwana mkubwa. Tazama anavyowagusa wasichana, na uulize kama kuna mafundisho ya peke yake, mtu na msichana mmoja ndani ya nyumba. Hilo likatae kabisa, hata kama ni mtu wa kanisa. Sikiliza kama anawaambia, ‘Mkiweza kukimbia, kimbieni.’ Mwalimu ambaye hasemi neno hilo anatafuta sifa. Muulize yeye mwenyewe alijifunza wapi na kwa nani, halafu mwulize mtu mwingine. Na mtazame anaposhindwa na mwanafunzi wake, maana kuna siku itatokea. Akicheka, ni mwalimu. Akikasirika na kumwumiza mtoto, umemjua.

Juma tatu za karate? Kwa juma tatu mtu hajui karate. Anajua kusimama tu. Lakini juma tatu zinatosha kujifunza kitu kingine, na hapa ningependa wazazi wote wasogee.

Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na wasichana karibu 900 wa vyuo vikuu vitatu. Nusu walipewa karatasi za kusoma tu. Nusu nyingine walifundishwa saa 12, mara nne kwa saa tatu tatu. Hawakufundishwa kuwa mabingwa. Walifundishwa kutambua hatari mapema, kukata woga wa kumkatalia mtu wanayemjua, kupaza sauti, na mapigo machache. Baada ya mwaka mmoja, kati ya wale waliopewa karatasi, karibu 10 kwa kila 100 walikuwa wamebakwa. Kati ya wale waliofundishwa, walikuwa kidogo zaidi ya 5 kwa 100. Maisha ya Kanada si maisha ya kambi zetu, na wengi wa wale washambulizi hawakuwa na silaha. Lakini mitaani Nairobi, katika makazi ya watu maskini, wasichana pia wamefundishwa mambo ya namna hiyo, na wengi waliotumia mafundisho yale kujiokoa walieleza kwamba walitumia kwanza mdomo.

Mdomo, wandugu. Sisi tunawalea wasichana waseme kwa sauti ndogo. Mzazi anamwambia mtoto ‘nyamaza’ miaka 15, halafu anashangaa kwa nini hakupiga kelele siku ile. Basi fanyeni mazoezi nyumbani. Mwambie binti yako asimame imara, amtazame mtu usoni, aseme kwa sauti ya tumboni: ‘Niache! Ondoa mkono!’ Mara ya kwanza atacheka. Mara ya kumi hatacheka. Na akiita msaada ataje jambo lenyewe na mahali, ‘Ananishika, hapa kwenye bomba!’, kwa sababu kelele tupu ndani ya kambi watu huidhani ni ugomvi wa mume na mke.

Halafu kushikwa mkono. Mkono unaoshika una vidole vinne upande mmoja na kidole gumba peke yake upande wa pili. Mlango ni pale kwenye gumba. Usivute nyuma moja kwa moja, maana unapigana na vidole vinne. Geuza mkono wako mpaka mfupa mwembamba uelekee gumba lake, kunja kiwiko na kivute kuelekea bega lako kwa haraka, huku unarudi hatua moja. Kisha kimbia penye watu, si penye kichaka. Dada amshike mdogo wake kwa nguvu za kweli, mara ishirini kila siku, mkono wa kulia na wa kushoto. Siku ya tatu mtaona tofauti. Na kama mtu amekuwa karibu sana hata hakuna nafasi ya ngumi, kiwiko, goti na kisigino vinatosha. Lengo si kumshinda. Lengo ni dakika moja ya kukimbia.

Kuhusu kuni, ninyi wenyewe mnajua kuliko sisi. Kwenda kundi, kuondoka kumekucha, kubadilisha njia, kuwa na filimbi shingoni na mapatano juu ya maana yake. Lakini niwaambie wanaume jambo ambalo halipendezi. Katika nyumba nyingi wasichana wanatumwa kuni kwa sababu watu wanasema, ‘Mwanaume akienda atauawa, mwanamke atabakwa tu.’ Nimelisikia neno hilo, ‘tu’. Basi komite ya kambi ikae na kulizungumza. Jiko linalotumia kuni kidogo linapunguza safari za porini, na safari moja iliyopungua ni kinga kuliko mkaba mweusi.

(Muziki)

Tunarudi kwa mzee wetu na kiwanja chake.

Mzee, woga wako una haki. Tangu vita vya mwaka 1996 tumewajua kadogo, watoto waliochukuliwa na kupewa bunduki zenye urefu kama wao. Wengi hawakuanza na bunduki. Walianza na kuimba, kukimbia asubuhi, na mtu mkubwa aliyewaambia kwamba wao ni walinzi wa kabila lao. Lakini ukiwakatalia vijana kiwanja, hawataacha kufanya mazoezi. Watayafanya nyuma ya kilima, usiku, na mtu ambaye humjui.

Kwa hiyo mimi ningewapa kiwanja, pamoja na masharti. Kiwe katikati ya watu, na mazoezi yawe mchana. Watoto wa makabila yote waingie, wenyeji na waliohama. Ukiona kabila moja tu, hicho si kikundi cha michezo, hata kama kina vikimono vizuri. Kusiwe na panga, fimbo wala kiapo. Kusiwe na jina la chama wala picha ya mkubwa. Wasichana wawe na saa yao na mama mmoja wa kuwasimamia. Watoto wa shule waje baada ya shule. Majina yaandikwe, na daftari ikae kwako, si kwa mwalimu. Na siku yoyote atakapofika mgeni mwenye cheo kuja ‘kutazama vijana hodari’, ukutane naye wewe kwanza. Ndivyo makamanda wanavyochagua.

Kazi kama hiyo ikifanywa vizuri inaweza kuponya. Kuanzia mwaka 2014, huko Goma, UNICEF na serikali ya Brazil walisaidia mpango wa kuwafundisha capoeira watoto waliotoka katika makundi yenye silaha pamoja na watoto wengine. Capoeira ilianzwa Brazil na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na wengi wao walitoka upande wa Kongo na Angola. Wanacheza ndani ya duara, kwa ngoma na nyimbo, mateke yanapita bila kugusa. Watoto waliokuwa wamepigana pande mbili waliingia duara moja. Kama kinga ya njiani capoeira si ya kwanza. Kama dawa ya kuwakutanisha vijana wasioaminiana, sijaona nyingi zinazoipita.

Sasa jambo moja zito, mzee. Vijana wako wanasema watalinda watu usiku. Katika miji yetu mingi watu wamejikinga na wezi kwa kupiga sufuria na filimbi, nyumba kwa nyumba, mpaka mwizi anakimbia. Hilo ni jema. Lakini mara ngapi kelele hizo zimemwangukia mtu asiye na kosa? Mgeni aliyepotea njia, mgonjwa wa akili, motari aliyechelewa, mtu aliyesema Kiswahili cha mahali pengine. Wanampiga mawe, wanamchoma, na asubuhi ndugu zake wanakuja. Halafu vita vipya vinaanza, na mbegu yake ilikuwa sufuria. Kijana aliyejifunza judo anaweza kumbana mtu chini bila kumwumiza mpaka wakubwa wafike. Hiyo ndiyo kazi ya kuwapa: kukaa kati ya mshukiwa na mawe. Ni kazi ngumu kuliko kupiga, na inataka vijana watatu au wanne wanaoelewana mbele ya saa. Sheria yenyewe iko upande huo. Kujikinga kunakubaliwa hatari ikiwa ya kweli, ikiwa ni ya wakati ule ule, na jibu lisipite kipimo cha hatari. Mwizi akishaanguka na kufungwa, anayeendelea kumpiga hajikingi tena. Ni yeye mwenye kosa.

Namrudia baba wa yule msichana. Baba, unasema hataolewa. Sitabishana nawe kwenye redio. Nakuomba tu uende naye siku ya kwanza, ukae pale na kutazama. Ukirudi nyumbani, mshike mkono mwenyewe na umwambie ajitoe.

Na kwa wale ambao jambo lilikwisha kuwapata. Wengine mnasikiliza haya na kusema moyoni, ‘Kumbe ningepigana.’ Hapana. Mwili wa mtu mbele ya hatari kubwa mara nyingi hukauka, sauti inapotea, mikono inakataa. Unafanya hivyo wenyewe, mtu hachagui. Hata askari hodari hupatwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu pia vitisho, kulazimishwa na kushtukizwa, haidai kwamba lazima uwe ulipigana. Na kosa hilo halimalizwi kwa kulipa faini wala mbuzi, hata kama wazee wa pande mbili wamekubaliana. Nenda kwenye kituo cha afya mapema, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi haifai baada ya hapo. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku ya tano, lakini siku ya kwanza ni bora. Ukiweza, usioge kwanza, na nguo usizifue, ziweke ndani ya mfuko wa karatasi. Siku zikiwa zimepita, nenda hata hivyo. Bado kuna matunzo.

Inabaki habari ya kuku wawili. Mama, mahali ambapo watoto wanakula mara moja kwa siku, mazoezi magumu yasizidi mara mbili kwa juma, na kuku wale wangefaa kuingia katika sufuria ya watoto. Mwambie yule kijana kwamba wazazi watamtolea makala, au watamlimia bustani yake zamu kwa zamu, tena mwisho wa kila juma, si mbele. Mkipatana hivyo, na ukamwona anaangusha watoto juu ya pumba na si juu ya mawe, mpeleke binti. Na akikataa kulipwa kidogo kidogo, muulize anaharakishwa na nini.

 Mzee, tunangoja habari za kiwanja.